Panya Wanane wa Chaani

Habari ya kifo cha Daktari Maimuna ilinifikia nikiwa nimeinamia hadubini, na kando yangu daktari kijana akijifunza kufunga fundo la tatu kwenye mshipa usiozidi unene wa njiti ya kiberiti. Simu ilitetemeka mfukoni mara mbili. Sikuitoa. Nilingoja fundo likazwe, uzi ukatwe, maji yapite bila kuvuja, kisha nikavua glovu na kusoma ujumbe wa mdogo wake: dada ametangulia mbele ya haki alfajiri ya leo, atazikwa baada ya Adhuhuri. Nilipofika Likoni jua lilikuwa limeshapinda na wanaume wanarudi kutoka makaburini wakikung'uta mchanga viatuni. Nilijitanda leso, nikavua viatu mlangoni, nikaingia walikoketi wanawake. "Poleni," nilisema. "Tushapoa," wakaitikia. Bibi mmoja mwenye miwani minene alisogea kunipa nafasi mkekani, akaniuliza taratibu, "Wewe ni nani yake, mwanangu?" Nina miaka hamsini na ushei, na ni muda mrefu sijaitwa mwanangu. Nikamjibu kuwa nilifanya kazi naye Chaani. "Kwenye ile nyumba ya panya?" akauliza. "Ndiyo, bibi." Alitabasamu, tabasamu la msibani, akawageukia wenzake: "Huyu alikuwa na Maimuna kule kwenye panya." Wakataka niwahadithie. Niliwapa kidogo, yale yanayofaa kusemwa wakati birika la chai linapita. Mengine nayaweka hapa, kwa sababu mwaka ule wa kwanza nilioukaa naye ndio ulionifanya mtu niliye, na aliyeutengeneza mwaka huo sasa amelala mchangani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kiwanda cha nguo pale Changamwe kilikuwa kimetupunguza. Kazi yangu kiwandani ilikuwa vifungo na marekebisho: shati likitoka mashineni lina kasoro, linaletwa kwangu nilirudie kwa mkono. Jirani akaniambia kuna jengo Chaani linatafuta mtu wa kufua na kukunja vitambaa vya upasuaji. Nilidhani ni zahanati. Kumbe lilikuwa jengo la zamani la mifugo, lenye paa la bati na vyumba vinne: chumba cha upasuaji, chumba cha kuoshea, nyumba ya panya kwa nyuma, na chumba kidogo chenye meza moja na dirisha moja ambamo tulikula. Siku ya kwanza nilisimama kwenye chumba cha kuoshea, sijui nianze wapi, nikasikia sauti ya mwanamke ikiita kutoka chumba cha pili, "Ndoo." Nikatafuta ndoo, nikaijaza maji, nikampelekea. Aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akaiweka chini koleo aliyoshika. "Watoka bara," alisema. "Abee," nikajibu, maana nilikuwa nimefundishwa na majirani kuwa hivyo ndivyo wanawake wa pwani huitikia. Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Nyumbani kwao, akanieleza, njoo husemwa ndoo, na mimi nimefanya yote mawili: nimekuja, na ndoo nimeileta. Basi akanionyesha pa kuiweka.

Huyo ndiye Daktari Maimuna. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini na kidogo, mzaliwa wa Likoni katika ukoo uliolima minazi na mihogo tangu kabla ya feri. Kila asubuhi alitundika buibui lake kwenye msumari nyuma ya mlango, akabaki na ushungi mweupe na gauni la kijani la upasuaji. Siku tatu za wiki alikuwa hospitalini akipasua watu. Jumatatu na Alhamisi alikuwa kwetu akipasua panya. Sikuelewa kwa nini mtu anayeweza kupasua watu ajisumbue na panya, na sikuthubutu kuuliza. Nilielewa kwa kusikiliza. Siku moja nilikuwa nakunja vitambaa huku yeye akiwaeleza wanafunzi wawili waliokuja kuzuru. "Mtu mshipa wake mkubwa ukiharibika," aliwaambia, "yako mabomba ya kutengenezwa, hutiwa na mtu akaishi. Lakini mshipa mdogo, wa muundi, wa kidole, wa mtoto mchanga, ukiutia kimrija cha kutengenezwa, damu huganda ndani yake. Hulazimu kukata mshipa mwengine wa huyo huyo mgonjwa ukamtilie. Na je, akiwa hana mzima?" Kisha akawasimulia kuhusu kuli mmoja wa bandarini aliyelala mezani kwake, mguu umekufa ganzi, na yeye akatafuta mshipa wa kumtilia kwenye mguu wa pili, kwenye mkono, akakosa. "Nilimkata hapa," alisema, akaonyesha juu ya goti. Tangu siku hiyo sikucheka tena majirani wangu waliponiita mganga wa panya.

Jengo letu lilikuwa chini ya njia ya ndege zinazoshuka kwenye uwanja, na barabara ya malori ya kontena ilikuwa hatua chache tu kutoka ukutani. Kwa mtu anayefagia, lori likipita si kitu. Chini ya hadubini lori ni tetemeko la ardhi: mshipa unaruka, sindano inaruka, na uzi, ambao ni mwembamba kuliko unywele, unapotea kabisa machoni. Daktari Maimuna alikuwa amezijua sauti zote. Kabla sisi hatujasikia kitu, yeye alikuwa ameshainua sindano, amefumba macho, midomo inacheza kidogo, anangoja. Ndege ikipita, anaendelea palepale alipoachia. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Mimi, niliyetoka kiwandani ambako msimamizi alitupigia makelele tukisimamisha cherehani, nilikuwa sijawahi kuona mtu ambaye kungoja kwake ni sehemu ya kazi.

Ilitokea nikararua kitambaa kimoja cha kijani nikikianika. Niliogopa kusema, nikakishona. Wiki iliyofuata Daktari alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono. "Nani kashona hapa?" Nikasema ni mimi. Alhamisi aliniita baada ya kazi, akaniketisha kwenye kigoda chake, akaniwekea kipande cha glovu chini ya hadubini na sindano ambayo kwa macho matupu ilionekana kama kikope. "Shona," alisema. Nilijaribu mpaka shingo ikaniuma. Nilipoteza sindano mbili. Hakunikemea. Wiki iliyofuata glovu tena. Baada ya glovu, paja la kuku kutoka sokoni, ambalo ndani yake mna mshipa unaofanana kabisa na wa mtoto: nilikata mshipa, nikauunganisha, yeye akasukuma maji yenye rangi nyekundu kwa bomba la sindano tuone panapovuja. Palivuja kwa miezi miwili. Siku palipoacha kuvuja, alirudia mara tatu kusukuma yale maji, kisha akaniuliza, "Leo asubuhi ulibeba maji?" Nikamwambia siku ile mfereji wa jirani ulikuwa na maji, sikubeba. Chaani wakati huo tulichota maji mbali, nami kila alfajiri nilibeba mitungi miwili ya lita ishirini. "Ndiyo maana," alisema. "Mkono uliobeba mzigo hutetema kutwa nzima, hata mwenyewe hujui. Jumatatu na Alhamisi usibebe kitu." Mzee Karisa, mtunza panya wetu, aliyekuwa akiingia na baiskeli kutoka Kisauni, ndiye akawa ananiletea mtungi mmoja wa maji kila jioni ya Jumapili na Jumatano. Alikataa kushukuriwa. Kule kwetu mtaani wakasema Felista amepata kazi ya ofisi, hata maji habebi tena.

Alinifundisha kusema pia. "Nipatie ile kitu," nilikuwa nikimwambia Mzee Karisa, na sauti ya Daktari ilitoka kwenye hadubini bila kichwa kuinuka: "Kile kitu. Na kitu chenyewe kina jina." Kibano, koleo, mkasi, uzi: hakunipa chombo mpaka nikitaje. Nilidhani ni maringo ya watu wa pwani, ambao huona Kiswahili ni mali yao na sisi wengine tumekiazima. Baadaye nikaona sababu. Mshipa ukifunguka na damu ikijaa, hakuna nafasi ya kusema ile kitu.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Panya mweupe alilazwa kwa dawa ya usingizi, tumbo likafunguliwa, na kipande kidogo cha mshipa mkuu unaopeleka damu miguu ya nyuma kikaondolewa, mahali pake pakashonwa kimrija cheupe chenye urefu wa ukucha. Akiamka hupewa dawa ya maumivu. Ikiwa mrija uko wazi, panya hutembea. Ukiziba, huburuta miguu. Kwa hiyo kila asubuhi nilipofungua nyumba ya panya jibu lilikuwa sakafuni mwa kizimba, bila kitabu wala mashine. Miezi ile ya kwanza majibu yalikuwa mabaya. Aliyekuwa akiburuta miguu Daktari alimlaza kabisa, asiamke tena, siku ileile, na hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo hata siku aliyolazimika kuja kutoka hospitalini kwa ajili hiyo tu. "Mimi ndiye niliyemfungua," alisema. Mzee Karisa alikuwa anasimama kando yake na kofia mkononi.

Mirija ilitengenezwa na Injinia Otieno, kijana mwenye ndevu chache aliyekuja kila mwezi na chupa ndogo aliyoibeba kama anabeba yai. Tulikula wote meza moja, na sheria ya Daktari ilikuwa kwamba mezani damu haitajwi. Yeye alileta mahamri na mbaazi za nazi kutoka Likoni, mimi nilileta muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ambao Injinia aliusifu na Mzee Karisa akausogeza pembeni kwa adabu, Mzee akaleta mchunga, mboga ya majani machungu, ambao sisi tuliusogeza pembeni vilevile. Mwezi wa Ramadhani Daktari aliketi nasi tukila, akachambua uzi, akauliza habari za watoto wa Mzee mmoja mmoja kwa majina. Ilikuwa mezani hapo Injinia alipotuambia kwamba mrija mpya umepakwa kitu kwa ndani, utelezi fulani, na kwamba anaamini damu haitaushika. Alikuwa na furaha mpaka alisahau sheria. "Daktari, hii ndiyo yenyewe, nakuambia." Nami nikaamini. Labda niliamini kuliko yeye.

Wiki hiyo hiyo nilisikia nisiyopaswa kusikia. Nilikuwa nafua, na ukuta wa chumba cha kuoshea na nyumba ya panya ulikuwa wa mbao tu. Daktari alikuwa upande wa pili na Mzee Karisa. "Mkono huu wanitetema, Mzee," alisema. "Kidole gumba. Kilianza mwezi wa Rajabu." Mzee akauliza kama amekwenda kwa daktari. "Nimekwenda. Kasema kitazidi." Mzee akasema, "Na hawa panya wanane wanaongoja?" "Hawa nitawaweza, inshallah. Baada ya hapo, Mungu ajua." Nilifunga mfereji polepole ili wasijue nipo.

Aliwaweza. Panya wanne walitiwa mrija wa zamani, wanne mrija mpya, kizimba hiki na kizimba kile, na mbele ya kila kizimba kadi niliyoiandika kwa mkono wangu. Siku ya tatu baada ya kushonwa wa mwisho, mvua ya masika ilimwagika. Mzee Karisa alikuwa msibani Kaloleni, mimi peke yangu. Paa la nyumba ya panya lilifunguka upepo ulipopiga, maji yakaingia juu ya vile vizimba viwili. Nilitoa panya wote wanane nikawatia ndoo moja kavu, nikaanza kupangusa na kukausha. Nilipogeuka, kadi zote mbili zilikuwa chini, wino umeenda na maji, na panya wanane weupe walikuwa wamechanganyika ndooni. Hawakuwa na alama yoyote mwilini. Niliwatoa mmoja mmoja. Watatu walikuwa wanatembea kwa uzito, mmoja miguu yake ya nyuma ilikuwa baridi nilipoishika. Wanne walikuwa wachangamfu. Niliwatia wale wazito kizimba cha mrija wa zamani, na wachangamfu kizimba cha mrija mpya, nikaandika kadi upya. Nilijiambia kuwa nimekumbuka. Lakini mtu aliyekumbuka hahitaji kushika miguu ya panya.

Baada ya wiki nne, katika kizimba cha mrija mpya wote wanne walikuwa wakikimbia. Katika kile kingine alibaki mmoja tu. Injinia alipoingia na kuona, aliketi chini sakafuni, mgongo ukutani, akafunika uso kwa mikono. Daktari Maimuna alisimama mlangoni, akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ndogo kuliko nilivyotarajia. Siku hiyo alinunua halwa. Wageni waliokuwa wakisimamia utafiti ule kutoka Nairobi waliarifiwa, wakasema watakuja, na wakiridhika kazi ingehamia kwa mbuzi, na baada ya mbuzi, kwa watu. Nilikula halwa ile. Kwa siku tisa nilifua, nikakunja, nikanyamaza, na kila usiku niliwaona wale panya wanane ndooni, nikajua vizuri kabisa kwamba sikuwapanga kwa kumbukumbu. Niliwapanga kwa matumaini. Mrija mpya ulifaulu kwa kuwa mimi niliupa waliokwisha kufaulu.

Nilimwambia jioni ya kabla ya siku ya wageni. Alikuwa amevaa buibui tayari, mkoba begani. Niliongea nikiwa nimesimama, haraka haraka, nikachanganya maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua mkoba, akaketi, akavuta daftari. "Rudia," alisema. "Polepole. Nataka niandike kama ulivyosema." Nikarudia. Aliandika yote, ndoo, wino, miguu baridi, akanisomea, akaniuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo. "Nani mwingine ajua?" "Hakuna." Nilingoja anifukuze. Niliona kidole gumba chake kikicheza juu ya karatasi, na yeye akakifunika kwa mkono wa pili. "Wa kuambiwa kwanza ni Injinia," alisema. "Si haki asikie mbele za watu. Nenda kamwite, yuko nje."

Injinia Otieno alisikia amesimama. Hakunitazama. Alitoka, tukamwona dirishani akizunguka ua, mara moja, mara mbili. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Daktari, wacha kesho ipite," alisema. "Tutarudia baadaye, kimya kimya. Si lazima wajue. Na huenda hata hakukosea, huenda ndivyo walivyokuwa." "Huenda," Daktari alijibu. "Nami natamani iwe hivyo kuliko wewe, Otieno. Lakini kesho wataniuliza kama najua, na mimi sijui." "Wakituzuia hapa je? Miaka yangu mitatu?" Alimwacha amalize. Kisha akamwambia, bila ukali, "Mrija huu ukifika mguu wa mtu na ukaziba, mtu huyo nitamkata mimi. Si wewe, si huyu binti, si wageni. Nishafanya kazi hiyo." Injinia akakaa. Akasema, "Sawa, Daktari." Sikuwahi kumsikia akinilaumu, wala siku ile wala baadaye, na hilo pia naliandika hapa, maana alikuwa na haki.

Kesho yake wageni walikuwa watatu, wamevaa suti katika joto lile. Nilipitisha soda. Daktari Maimuna hakuwangoja waone vizimba. Aliwaambia kwamba panya walichanganyika siku ya mvua, kwamba kadi zilirudishwa bila uhakika, na kwamba matokeo waliyoandikiwa yafutwe. Mmoja wao, mwanamume mwenye mvi, akauliza ni nani aliyezirudisha zile kadi. Nilisimama na sinia mkononi. "Chumba ni changu," Daktari alijibu. "Panya kukaa bila alama mwilini ni uzembe wangu, si wa mfanyakazi. Nilijua paa ni bovu." Yule mwenye mvi akauliza tena, nani. "Nimeshakujibu, ndugu yangu," alisema, na akanywa soda yake. Niliona wale watu wakitazamana. Nilidhani tumekwisha. Lakini walipokuwa wanaondoka, yule mwenye mvi alirudi mlangoni, akasema ametembelea maabara nyingi kwa miaka mingi, na hii ni mara ya kwanza kuitiwa soda ili aambiwe kwamba matokeo si ya kweli. Wakatupa miezi mitatu turudie.

Wageni walipokwenda, Daktari aliniita chumba cha upasuaji, akafunga mlango. "Utashona wewe," alisema. Nilidhani sijasikia. "Wote wanane. Huu mkono wangu hauwezi tena kazi ya saa mbili, wala sitaki mtu aseme mrija umeziba kwa mkono wa mgonjwa." Nikamwambia mimi ndiye niliyeharibu. "Ndiyo," alisema. "Na wewe ndiye unayejua kushona hapa. Mambo hayo mawili yote ni kweli." Akafungua mlango, akaenda kuwaambia wengine, kana kwamba amemaliza jambo dogo.

Tulifanya panya wawili kila siku ya kazi, na kila mmoja alitobolewa alama sikioni kabla hajalazwa, desturi tuliyoifuata tangu hapo mpaka leo. Mzee Karisa alichagua mrija kwa kuchomoa karatasi iliyokunjwa, akaandika namba kwenye orodha, orodha ikafungiwa bahasha akakaa nayo yeye, mimi na Daktari tusijue. Panya wa kwanza nilimshona jasho likinitiririka mgongoni. Daktari alikaa kando, ameshika kibanio kwa mkono wa kushoto, na kitu pekee alichosema kwa saa mbili kilikuwa ni kuhesabu nyuzi. "Tano. Sita. Ndege." Nikainua sindano. "Saba." Nilipofungua vibanio vilivyozuia damu, damu iliingia mrijani, mrija mweupe ukawa mwekundu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mshipa wa chini yake ukaanza kupiga. Niligeuka kumtazama. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono ule wa kulia, na mkono ulikuwa unatetema wazi, hakuuficha.

Wiki nne baadaye bahasha ilifunguliwa mezani, palepale tulipokula. Mrija wa zamani, wawili wazima, wawili wameziba. Mrija mpya, wawili wazima, wawili wameziba. Hakuna tofauti hata ya unywele. Injinia alisoma orodha mara mbili, akaikunja. Nilitaka ardhi ipasuke. Daktari alitoka, akakaa chumba cha upasuaji peke yake karibu saa nzima, kisha akatuita. Alikuwa ameifungua ile mirija minne iliyoziba na kuilaza chini ya hadubini. "Otieno, tazama kwanza mshono," alisema. "Kote kuko safi. Hakuna damu iliyoganda penye uzi, hata mahali pamoja. Imeganda katikati, kwenye mrija wenyewe. Kwa miaka mitatu umekuwa ukishuku labda ni ushonaji. Sasa si ushonaji. Rudi kwenye utelezi wako." Injinia aliinama, akatazama kwa muda mrefu, mrija baada ya mrija. Aliposimama alikuwa na sura ya mtu aliyeamka. Aliomba karatasi, akaanza kuchora. Alichora mpaka chakula kikapoa. Mrija wake ulifika kwa mbuzi baada ya miaka mingi, kwa njia nyingine kabisa, katika maabara nyingine. Siku hiyo alikuwa ameanza tu.

Ripoti ya mwaka ule ilisema waziwazi kwamba mrija mpya haukuzidi wa zamani. Ndani yake kulikuwa na ukurasa mmoja kuhusu siku ya mvua, bila jina la mtu. Jina langu lilikuwa kwenye jalada, majina yangu yote matatu, baada ya lake na la Injinia, na kando yake neno moja: mshonaji.

Mwezi wa mwisho wa mwaka ule hospitali ilimtuma daktari kijana aje ajifunze kushona mishipa midogo. Alifika na koti jeupe lililopigwa pasi, akamwamkia Daktari Maimuna shikamoo, akasema amesafiri kwa ajili ya mikono yake. "Marahaba," alisema Daktari. "Mwalimu wako ni huyu." Alinionyesha mimi, nikiwa na aproni ya kufulia na vitambaa begani. Yule kijana alitabasamu, akangoja, akidhani ni mzaha wa pwani. Kisha akaniuliza kwa upole nina shahada gani. Nikamwambia sina. Nikanawa mikono, nikakaa kigodani, nikachukua paja la kuku, nikakata mshipa na kuuunganisha mbele yake, nyuzi nane, nikimtajia kila chombo kwa jina lake. Nilisukuma maji mekundu. Yalipita yote. Yule daktari alivua koti lake jeupe, akalitundika, akavuta kiti karibu yangu. "Naomba uanze tena, mwalimu," alisema, "polepole kidogo." Niligeuka nimtazame Daktari Maimuna. Pale alipokuwa amesimama hapakuwa na mtu. Kupitia dirishani nilimwona uani na Mzee Karisa, wamelipa jengo mgongo, wanabishana kuhusu bei ya mahindi. Lazima alitoka mara tu nilipokata mshipa. Hakungoja kuona kama maji yatavuja.